"Pesa" haikutoka kwa Wareno

Wengi hudai "pesa" ni "peso" iliyoachwa pwani na Wareno. Zinafanana kwa sauti, basi. Lakini peso ni sarafu ya Wahispania. Wareno walihesabu kwa reali.

Asili yake ni "paisa" ya Kihindi, sarafu ndogo ya shaba iliyokuja na biashara ya India, ambapo rupia 1 ilikuwa paisa 64. Mwaka 1882 Sultani Barghash alitoa paisa ya Zanzibar yenye picha ya mizani. Kuanzia 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki nayo ilitoa sarafu iliyoitwa pesa. Mwaka 1904 Wajerumani wakaigawa rupia kuwa heller 100, na hapo ndipo tulipopata "hela". Fedha, kwa upande wake, ni Kiarabu: madini yale yale ya pete na bangili.

Kwenye mkataba au barua ya ofisini andika "fedha". "Pesa" inafaa kwenye tangazo la duka. "Hela" ibaki mdomoni: "tutalipa hela iliyobaki" huifanya ankara isomeke kama ujumbe wa simu.