Kuku mgeni, kamba na karantini

Jumamosi moja, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa za mifugo huku Tabata, nilimsikia mama mmoja akimweleza muuzaji kwamba kuku wake tisa wamekufa ndani ya wiki moja, ilhali alifuata kila alichoelekezwa. "Hao wageni niliwaweka karantini siku tatu, kaka yangu. Banda nilikata katikati kwa wavu, wao huku, wenyeji kule, hata kugusana hawakugusana." Muuzaji alimpa pole, kisha akampimia vitamini. Si mara ya kwanza kusikia neno karantini likibebeshwa mzigo usio wake, na safari hii uvumilivu umenishinda.

Karantini ni muda ambao mnyama au mtu anayeonekana mzima, lakini ametoka mahali ambapo huenda pana ugonjwa, anakaa mbali na wenzake mpaka zipite siku za kutosha kwa ugonjwa aliokuja nao, kama upo, kujitokeza. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe limebeba hesabu tumboni. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliagiza kwamba watu waliotoka sehemu zenye tauni wasiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mzima nje yake. Siku hizo 30 baadaye zilifikishwa 40, na kwa kuwa arobaini kwa Kiitaliano ni quaranta, neno likazunguka dunia hadi likatufikia kupitia Kiingereza. Kwetu sisi jambo hili lisingepaswa kuwa geni, maana tunayo arobaini ya mzazi, tunayo arobaini ya marehemu, na hata mwizi tunamhesabia zake. Aliyetohoa neno angeweza kutuambia tu kwamba kuku wanakaa arobaini, na pengine tungeelewana mapema zaidi. Tena ukitaka kujua wahenga wa shughuli hii walielewaje "mbali", angalia Changuu, karibu na Unguja: majengo yaliyojengwa pale miaka ya 1890 kwa ajili ya gereza yaliishia kuwa kituo cha karantini. Kati ya wasafiri na mji palikuwa na bahari. Hapakuwa na wavu.

Wapo wanaochanganya karantini na kumtenga mgonjwa, na hao nawasamehe kwa sababu vitendo vinafanana, ingawa anayetengwa tayari anaumwa na anayekaa karantini hatujui. Ninachoshindwa kukisamehe ni kuchanganya karantini na kuwazoesha kuku. Haya mawili yanavutana. Katika karantini unataka wageni na wenyeji wasishirikiane hewa, maji, vumbi la kinyesi wala viatu vyako. Katika kuwazoesha unataka kinyume chake, yaani waonane, wasikiane na walale karibu, ili watakapofunguliwa wasiuane kwa midomo. Wavu ni kifaa kizuri sana cha kazi ya pili, na kwa kazi ya kwanza ni sawa na kukinga mvua kwa tenga.

Methali yetu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia, kwa kuwa tumerithi kamba tukaibadilisha jina. Kamba ile ilikuwa ya kumzuia mgeni asipotee mpaka apajue nyumbani. Haikuwahi kuzuia mafua.

Siku tatu nazo ni tatizo peke yake. Mdondo, ambao ndio unaomaliza mabanda mengi mjini, kwa kawaida huchukua siku tano au sita tangu kuku aupate hadi dalili zionekane, lakini unaweza kujificha hadi siku 15. Kuku aliyetoka Singida au Dodoma ndani ya tenga, juu ya lori, amebanana na wenzake wa vijiji ambavyo hata dereva hakumbuki, anaweza kushushwa sokoni Dar es Salaam akiwa na macho maangavu na upanga mwekundu, na bado akawa ameubeba. Kumdondoshea chanjo jichoni siku anayofika hakufuti alichokwisha kukipata njiani, maana kinga yenyewe huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka. Ndiyo sababu wafugaji waangalifu husema siku 30, wakairudia hesabu ile ile ya Ragusa.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa zamani. Nilinunua mitetea wawili chotara, nikawaweka nyuma ya wavu, na kwa kubana matumizi nikachomeka dumu moja la maji lililokatwa chini ya wavu huo, nusu upande huu na nusu upande ule. Siku ya tatu mmoja wa wageni alikuwa na povu kwenye kona ya jicho, uso umevimba upande mmoja, na ukimkaribia unasikia harufu kama ya yai lililooza. Ilipofika siku ya saba, wenyeji watatu walikuwa wamesimama kwenye kona wamefumba macho. Mafua ya kuku yalikuwa yamepita kwenye dumu langu.

Kuhusu kuzoesha kwenyewe sina mengi, kwa sababu wengi wanakujua vizuri kuliko wanavyojua jina lake: wiki moja au mbili za wavu, vyombo vya chakula zaidi ya kimoja, na usimwingize mgeni mmoja peke yake. Watadonoana siku kadhaa hadi kila mmoja ajue nafasi yake, utaratibu ambao Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliuandikia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kilicho muhimu ni kwamba hayo yote huanza karantini ikishakwisha.

Nilimfuata yule mama nje ya duka, nikamwambia kwa upole kwamba wavu wake haukuwa kosa, ila ulikuja kabla ya zamu yake, na kwamba alichokifanya kinaitwa kuwazoesha. Alinisikiliza, akafikiri kidogo, kisha akauliza kama sasa awapeleke wale wageni wawili waliobaki kwa dada yake, Kinyerezi, wakakae huko karantini.

"Dada naye anafuga?"

"Anao kama ishirini hivi."

Basi wasiende kokote, mama, nikamwambia. Kwa sasa lililo karantini ni banda lako lote.