Chupa isiyo na mlonge ndiyo inayojibu swali

Tia unga wa mbegu za mlonge kwenye maji ya tope, rudi baada ya saa moja, utayakuta yametakata kiasi. Je, ni mlonge? Bado hujui. Yeyote anayeweka maji kwenye ndoo hapa Mwanza anajua kwamba tope hutuama lenyewe. Ndiyo maana jaribio linahitaji kidhibiti: chupa zinazopata kila kitu zinachopata chupa nyingine, isipokuwa mlonge.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye hilo neno "kila kitu".

Usiingie ziwani kuchota maji, kuna kichocho. Tengeneza tope lako: lita 10 za maji ya bomba na konzi mbili za udongo wa mfinyanzi. Koroga, subiri dakika 10 mchanga ushuke, kisha hamishia maji ya juu kwenye ndoo nyingine. Kata shingo chupa sita za lita moja na nusu, weka lita moja katika kila moja. Koroga ndoo kila unapochota, na ujaze kwa zamu: moja ya mlonge, moja ya kidhibiti. Ukijaza tatu za mlonge kwanza, huenda tope likatofautiana kabla hata hujaanza.

Menya mbegu 6 kavu, zitwange ziwe laini, changanya na mililita 75 za maji safi, chuja kwa kitambaa. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 20 kwenye kila chupa ya mlonge. Kidhibiti nacho kipate mililita 20, za maji matupu. Chupa zote koroga haraka dakika moja, polepole dakika tano. Mti wa kukorogea kidhibiti uwe wake peke yake. Uliogusa mlonge unabeba dawa.

Chembe za udongo zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana na kuelea. Protini ya mlonge ina chaji chanya: inazinasa, zinashikana mabonge, zinazama. Kukoroga polepole kunayapa mabonge nafasi ya kukua. Ukikoroga kwa nguvu muda wote yanavunjika.

Panga chupa kivulini, meza moja. Jua likipiga upande mmoja, maji yanazunguka na tope linachelewa kutuama. Kitako cha chupa hizi kina matuta, kwa hiyo usitazame kutoka juu. Chora alama nne za X kwenye karatasi, kuanzia ya penseli hafifu hadi ya kalamu nzito, isimamishe nyuma ya chupa, uhesabu ngapi zinaonekana. Fanya hivyo dakika ya 0, 15, 30 na 60. Anayehesabu asijue chupa ipi ina nini. Jicho huona linachotamani.

Kama mlonge haukufanya kazi, angalia mbegu: za maganda mabichi hazina nguvu. Kuzidisha nako hurudisha ukungu. Ukitaka kujua kiasi kinachofaa, rudia ukibadilisha idadi ya mbegu tu.

Maji hayo usiyanywe. Kutakata si kufa kwa vijidudu, yanahitaji kuchemshwa.

Na chupa moja ya mlonge ikigoma wakati mbili zimetakata, usiifute daftarini. Iandike, kisha rudia jaribio zima kwa mbegu nyingine.