Je, wajua kwa nini gari la wagonjwa lilipandishwa kilima cha mchanga kinyumenyume?

Aliyewahi kuona Canter limenasa kwenye mchanga wa Kigamboni anajua kinachofuata. Dereva anakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka kama pangaboi, mchanga unaruka, gari linazidi kudidimia mpaka difu inalala chini. Siku moja nilimsikia mzee akimpigia kelele dereva wa namna hiyo: "Acha mafuta, mwanangu, unajichimbia!"

Nilimkumbuka mzee huyo nilipoirudia Ice Cold in Alex, filamu ya Uingereza ya mwaka 1958 iliyoongozwa na J. Lee Thompson. Ni 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kapteni Anson, aliyeigizwa na John Mills, anaondoka Tobruk, Libya, na gari la wagonjwa la Austin waliloliita Katy, akikatiza jangwa kuelekea Alexandria, Misri. Yuko na sajenti meja wake, manesi wawili, na njemba moja anayejiita Mwafrika Kusini, wasiyemwamini. Filamu hii haitajwi inavyostahili, na hilo linaniuma, maana ina dakika chache zinazokaza roho kuliko mabomu ya filamu nyingi za vita.

Ndizo dakika za kilima. Mbele yao mchanga umesimama kama ukuta. Wanachomoa plagi zinazotoa cheche ndani ya injini, wanaingiza rivasi, kisha wanalipandisha gari kwa kuzungusha hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini za zamani, kwa mikono, makalio ya gari yakitangulia.

Plagi kwanza. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ikipanda hukandamiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayogomea mkono wako. Chomoa plagi, hewa ipite tunduni, na injini ya silinda sita inazungushika.

Rivasi sasa. Kwenye malori mengi ya zamani ndiyo gia yenye nguvu kuliko zote, hata namba moja haiifikii. Tuseme injini izunguke mara 40 ndipo tairi izunguke mara moja, na mzingo wa tairi ni mita 2.5. Kila mzunguko wa hendeli utalisogeza gari sentimita 6.25 tu, kwa hiyo mita 50 za kilima zinataka mizunguko 800. Mkono wa mtu unaiweza hiyo, kidogo kidogo. Na tairi inayokwenda polepole kiasi hicho haichimbi mchanga, inaukanyaga na kuushika. Mzee wa Kigamboni alikuwa anasema hilo hilo.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi: hendeli huingia mbele ya injini, chini ya rejeta. Gari likipanda kwa mbele, mzungushaji yuko njiani, litamkanyaga. Likipanda kinyumenyume, yeye analifuata kwa nyuma, hatua kwa hatua.

Lakini angalia aliposimama. Yuko upande wa bondeni, tani kadhaa za chuma ziko juu yake. Gari likiponyoka, magurudumu yataizungusha injini kinyume, na hendeli itarudi kwa kasi ya kuvunja mkono kabla bampa halijamfikia. Wanapokezana hapo juani, jasho linawatiririka, na mwenye nguvu kuwashinda wote, ambaye bila yeye Katy asingefika juu, ni yule yule wasiyemwamini.