Nyonga za Buldogi Mchanga: Maswali Kabla ya Kukubali Kisu

Majibu haya ni ya mtu mwenye buldogi wa Kiingereza aliye chini ya miezi 18, aliyekwisha kuambiwa kwamba mbwa wake ana displasia ya nyonga, yaani kiungo cha nyonga kimekua kikiwa kimelegea, na sasa anatakiwa aamue la kufanya.

Mbwa wangu ana miezi minane. Eksirei imeonyesha nyonga zote mbili zimelegea na nimeshauriwa apasuliwe. Nikubali?

Usiamue kwa picha peke yake. Kwa buldogi nyonga mbaya ni jambo la kawaida mno: katika kumbukumbu za OFA, taasisi ya Marekani iliyoanza kukusanya picha za nyonga mwaka 1966, takriban buldogi saba kati ya kumi waliopimwa wana displasia. Wengi wao hutembea, hucheza na kuzeeka bila kupasuliwa. Picha inaonyesha umbo la mifupa. Haionyeshi maumivu, na maumivu ndiyo tunayotibu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mbwa anaumia, na kama anaumia hapo hapo kwenye nyonga. Mtazame nyumbani siku kadhaa na umrekodi kwa simu: anavyoinuka baada ya kulala, anavyopanda ngazi moja, anavyokimbia. Mwenye nyonga zinazouma huinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele, hukimbia akirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, hulala chini katikati ya matembezi, na misuli ya mapaja hupungua huku kifua na mabega yakizidi kujaa. Mpelekee daktari video hizo. Ndani ya kliniki mbwa mwenye hofu huficha kilema chake.

Je, inawezekana tatizo si nyonga?

Inawezekana kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kilema cha mguu wa nyuma wa buldogi kina vyanzo vingine vitatu vya kuchunguza. Pia ya goti huteleza na kutoka mahali pake. Kano ya ndani ya goti hukatika, hata kwa mbwa mdogo kiumri. Na pingili za mgongo za uzao huu mara nyingi huwa na umbo lisilo kamili. Mbwa anayeburuta kucha, anayekanyagia mgongo wa unyayo au anayevujisha mkojo ana tatizo la neva, na upasuaji wa nyonga hautamsaidia hata kidogo. Mwombe daktari apime magoti na mgongo kabla ya kugusa nyonga. Kisha, mbwa akiwa amelala kwa dawa, afanye kipimo cha Ortolani: paja husukumwa juu kisha hupanuliwa taratibu nje, na kama kiungo kimelegea, kichwa cha fupa la paja husikika kikirudi ndani kwa mshtuko mdogo.

Kwa nini nyonga hulegea, na kwa nini maumivu huanza akiwa mchanga hivi?

Mtoto wa mbwa huzaliwa na nyonga zinazoonekana sawa. Katika wiki na miezi ya kwanza, kwa sababu ya vinasaba vingi alivyorithi kutoka pande zote mbili, mfuko na kano za kiungo hulegea kuliko inavyotakiwa. Kichwa cha paja huanza kucheza kama mchi ndani ya kinu kipana, kikigonga ukingo wa kikombe, yaani shimo la mfupa wa nyonga kinamokaa, badala ya kukaa katikati. Ukingo huchakaa, gegedu hukwaruzika, nyuzi za mfuko huchanika. Maumivu ya kati ya miezi minne na kumi na miwili hutoka hasa hapo.

Baadaye mwili hujijengea kinga yake: mfuko wa kiungo hunenepa na kukaza, na mbwa wengi hupata nafuu wanapofikisha mwaka au mwaka na nusu, ingawa yabisi ya kiungo itabaki na inaweza kurudi kwa nguvu uzeeni. Madaktari wa Bristol, Uingereza, waliofuatilia mbwa wachanga waliotibiwa bila kupasuliwa, waliripoti mwaka 1987 kwamba karibu robo tatu yao walikuja kutembea vizuri au karibu vizuri. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mbwa huletwa kwenye meza ya upasuaji katika miezi ile ile mibaya kuliko yote.

Ni upasuaji gani uliopo, na umri unahusikaje?

Umri una uzito kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu milango miwili hufungwa mapema.

Mlango wa kwanza ni kuunguza kwa umeme sehemu inayokua ya mfupa wa kinena, ili vikombe vya nyonga vijizungushe na kufunika vizuri vichwa vya mapaja mbwa anapoendelea kukua. Ni upasuaji mdogo, lakini hufaa kati ya wiki 12 na 16, na baada ya wiki 20 hauna maana. Wakati huo mtoto wa mbwa hachechemei bado, hivyo hupata nafasi hiyo yule tu aliyepimwa mapema; kipimo cha PennHIP, eksirei inayopima ulegevu wa nyonga iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huweza kufanyika tangu wiki ya 16. Mbwa wa namna hii ahasiwe, maana nyonga zake zitaonekana nzuri huku vinasaba ni vile vile.

Mlango wa pili ni kukata mfupa wa nyonga sehemu mbili au tatu, kuuzungusha na kuufunga kwa bamba na skrubu. Hufanyika takriban kati ya miezi mitano na kumi, na kwa sharti kwamba hakuna yabisi bado na kikombe bado kina kina cha kutosha. Buldogi anayechechemea kwa miezi minane mara nyingi ameshapita sharti hilo: ukingo umelika na kikombe kimeanza kujaa mfupa. Akizungushiwa kikombe kilichoharibika, amefunguliwa bure.

Zinabaki njia mbili ambazo hazina haraka. Moja ni kuondoa kichwa na shingo ya fupa la paja ili misuli na kovu vishike nafasi ya kiungo. Nyingine ni kuweka nyonga nzima ya chuma na plastiki, ambayo husubiri mifupa ikomae, kwa kawaida miezi tisa hadi kumi na miwili au zaidi. Zote mbili zinaweza kufanyika mwakani au miaka mitano ijayo. Ndiyo maana, kwa mbwa wa miezi minane aliyekwisha kupata yabisi, tunapendekeza matibabu bila kisu kwanza, kwa miezi mitatu iliyopangwa vizuri.

Miezi hiyo mitatu inapangwaje?

Uzito kwanza. Mbavu ziguswe kwa urahisi bila kubonyeza, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Kwenye kipimo cha unene cha 1 (mkondefu) hadi 9 (mnene kupita kiasi) tunataka 4 au 5. Pima chakula kwa mizani ya jikoni, si kwa kikombe. Kama mbwa ni mnene, punguza chakula asilimia 10 na umpime uzito baada ya wiki mbili. Kwa kuwa bado anakua, lengo ni asiongezeke haraka, usimnyime ghafla. Utafiti wa Labrador 48 waliofuatiliwa Marekani maisha yao yote ulionyesha kwamba waliolishwa robo pungufu ya wenzao walichelewa kupata yabisi ya nyonga na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Hakuna dawa inayofikia hapo. Usiongeze vidonge vya kalisi wala unga wa mifupa kwenye chakula cha watoto wa mbwa kilichokamilika, kwa kuwa kalisi ya ziada huvuruga ukuaji wa mifupa. Anayelishwa ugali na dagaa apangiwe mlo na daktari, maana ugali mwingi hunenepesha bila kujenga misuli.

Mazoezi yawe ya kamba, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, alfajiri na jioni. Mombasa au Dar es Salaam, buldogi anayetembezwa saa nne asubuhi anaweza kufa kwa joto kabla nyonga haijamsumbua. Asifukuze mpira, asiruke kutoka kwenye kiti. Vigae vinavyoteleza vitandikwe mikeka yenye mpira chini. Zoezi jema ni kukaa na kusimama: mara tano, asubuhi na jioni, akiwa amekaa wima bila kuegemea paja moja, ukiongeza hadi kumi baada ya wiki mbili. Kuogelea husifiwa sana kwa mbwa wenye nyonga mbovu, lakini buldogi huzama. Kifua kizito na pua fupi haviruhusu. Maji yasizidi usawa wa kiwiko chake, na avae jaketi la kuokolea.

Dawa ya maumivu itolewe kila siku kwa wiki mbili hadi nne, ndipo utajua kama inafaa. Kumpa anapochechemea tu hakukuonyeshi chochote. Daktari kwa kawaida huandika kaprofeni miligramu 4.4 kwa kilo kwa siku, au meloksikamu miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza kisha 0.1, pamoja na chakula, baada ya kupima figo na ini. Akitapika, akikataa kula au akitoa kinyesi cheusi, acha dawa na umwite daktari siku hiyo hiyo. Diklofenaki na Brufen za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, na Panadol usimpe kwa uamuzi wako. Mwambie daktari kama mbwa amechomwa deksamethasoni, dawa ya steroidi, karibuni. Haichanganywi na dawa hizi. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ushahidi wake ni dhaifu. Tungependa pesa hiyo inunue mizani.

Nini kinachoonyesha kwamba sasa apasuliwe?

Uzito umeshuka, mazoezi yamefuatwa, dawa imetolewa ipasavyo, na bado analia akiguswa au misuli inaendelea kupotea. Hapo kisu ni haki yake.

Kuondoa kichwa cha paja ni nafuu kwa bei na hufanywa na madaktari wengi zaidi. Hufaa zaidi kwa mbwa wa chini ya kilo 20 hivi, na buldogi wengi wako kati ya 18 na 25, kwa hiyo mnene apunguzwe kwanza. Hushindikana kwa sababu mbili: kipande cha shingo ya mfupa kubaki na kusugua, au mguu kuachwa bila kutumika. Uliza picha ya eksirei ya baada ya upasuaji. Siku chache baadaye anza kukunja na kunyoosha mguu taratibu mara 10, mara tatu kwa siku. Akikaa wiki mbili bila hata kugusa chini kwa vidole, rudi kwa daktari.

Nyonga bandia hurudisha mwendo bora kuliko zote, lakini inaweza kutoka mahali pake, kupata maambukizi au kuvunja paja. Ifanywe na mtu anayeifanya mara kwa mara. Mwulize amefanya ngapi kwa mbwa wa umbo hili. Mara nyingi upande mmoja hutosha.

Na dawa ya usingizi?

Hili huja kabla ya nyonga, hata kwa eksirei, kwa sababu njia ya hewa ya buldogi ni nyembamba. Kama anakoroma akiwa macho, anatema chakula au ufizi hugeuka bluu akichangamka, matundu ya pua na kaakaa laini vitengenezwe kwanza. Daktari anaweza kukagua kaakaa na kupanua pua katika usingizi ule ule wa eksirei. Uliza mambo manne: atapewa oksijeni dakika tatu hadi tano kabla ya kulala? Kuna mirija midogo ya koo kuliko uzito wake unavyoonyesha? Mrija utaondolewa akiwa ameinua kichwa na kumeza mwenyewe? Nani atakaa naye saa za mwanzo baada ya kuamka? Kliniki isiyo na jibu la swali la mwisho, omba rufaa. Hospitali za mifugo za kufundishia kama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ni mahali pa kuanzia kuuliza.