Lenzi ya Kupigia Picha za Sura: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Korosho zikishaanza kwenda mnadani mwezi Oktoba, Mtwara na Lindi huingia pia msimu wa harusi, sendofu na picha. Vijana hununua kamera ya kwanza, na ushauri wa bure humwagika. Muulize mpiga picha yeyote wa mjini lenzi gani inafaa kwa picha za sura, atakujibu hujamaliza swali: "Tafuta themanini na tano. Hamsini inaharibu sura." Anataja milimita za lenzi: zikiwa nyingi lenzi inavuta karibu, zikiwa chache inaonesha eneo pana. Si uongo mtupu. Ila sababu yake imepinduliwa, na anayeanza anaweza kutumbukiza pesa ya msimu mzima pasipostahili.

Dhana: Milimita 50 inavimbisha pua, 85 inainyoosha

Kinachovimbisha pua ni umbali. Ncha ya pua iko mbele ya masikio kwa sentimita 12 hivi. Ukimsogelea mtu mpaka kamera iwe sentimita 40 kutoka puani kwake, masikio yatakuwa sentimita 52, na pua itatoka kubwa kwa asilimia 30 ukiilinganisha na masikio. Rudi nyuma hadi mita 1.5, tofauti inashuka mpaka asilimia 8. Fika mita 3, inabaki asilimia 4, na hapo jicho halishtuki tena. Katika hesabu hiyo yote hujaona milimita za lenzi zikitajwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa jambo hilohilo kwa selfi: picha ya sentimita 30 huionesha pua kuwa pana kwa takribani asilimia 30 kuliko picha ya mita 1.5.

Basi 85 ilipataje sifa? Inakulazimisha urudi nyuma. Ukitaka kichwa na mabega vijaze picha kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), ile tunayoiita fulufremu, lenzi ya 85 inakuweka kama mita 1.5 kutoka kwa mtu. Ya 50 inakusogeza mpaka sentimita 90, na ya 35 inakuingiza sentimita 60, karibu unasikia pumzi yake. Miguu yako ndiyo inayobadilisha sura. Lenzi inaamua tu kipande gani cha kilicho mbele yako kiingie kwenye picha.

Asiyeamini ajaribu barazani kwake. Mkalishe mdogo wako kwenye stuli, simama mita 1.5, piga kwa lenzi ya 18-55, ile inayokuja na kamera na kuzungushwa kutoka milimita 18 hadi 55, ukiwa kwenye 55. Usisogeze mguu, zungusha hadi 18, piga tena. Picha ya pili itaonesha ukuta, ndoo na kuku anayepita. Ikate kwenye kompyuta ibaki sura peke yake, kisha ziweke bega kwa bega. Ya pili itakuwa na chengachenga kwa sababu umeikata sana, lakini pua ni ileile na masikio ni yaleyale. Halafu ukiwa bado kwenye 18, msogelee mpaka sura ijae kama ile ya kwanza. Picha hiyo ifute kabla mwenyewe hajaiona.

Dhana: Kwenye kamera ndogo 50 "inageuka" 75, kwa hiyo si 50 tena

Kamera nyingi za wanaoanza, za Canon na Nikon, zina sensa ndogo inayokata kingo za picha: mara 1.6 kwa Canon, mara 1.5 kwa Nikon. Lenzi yenyewe haigeuki chochote. Ila kwa kuwa picha imebanwa, kwa kile kichwa na mabega utasimama kama mita 1.3 badala ya sentimita 90. Kwa hiyo hamsini ya bei nafuu kwenye kamera ndogo ni lenzi nzuri sana ya sura, na wale wanaoikashifu mara nyingi wamebeba maneno ya watu wenye fulufremu.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Studio zetu nyingi ni fremu za maduka, zile za mita tatu kwa nne, tena ukutani kuna kitambaa, pembeni taa mbili na benchi la wateja wanaosubiri. Mtu mzima akisimama wima, pamoja na nafasi kidogo juu na chini, lenzi ya 85 kwenye kamera ya sensa ndogo inataka zaidi ya mita 7. Utapigia barabarani. Hamsini inataka mita 4 na kitu. Ya 35 inatosheka na mita 3. Kama kazi yako ni ya chumba kile, 35 itakulisha kuliko 85, hata kama haina jina kubwa.

Dhana: Nyuma isipofifia kabisa, si picha ya kitaalamu

Hapa mimi sina uvumilivu. Mtu ananunua lenzi ya f/1.8 na kuanzia siku hiyo namba hiyo haibadilishwi tena, kama vile ni dhambi. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linaloingiza mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na nyuma panafifia zaidi.

Lenzi ya 85 kwa f/1.8 kutoka mita 1.5, kwenye fulufremu, inakupa kina cha sentimita 3 hivi chenye ukali. Ni kama umbali wa kutoka jichoni hadi karibu na ncha ya pua. Bi harusi akigeuza uso kidogo, jicho la karibu linakuwa kali na la mbali linaogelea. Hereni aliyoitafuta wiki mbili inakuwa doa la dhahabu. Funga tundu hadi f/4 upate sentimita 7 hivi, na nyuma bado pamefifia vya kutosha. Kwa picha ya ukoo mzima, safu mbili tatu za wajomba na mashangazi, nenda f/5.6 au f/8, la sivyo safu ya nyuma itauliza ilikosea nini.

Halafu kuna suala la mahali. Watu hutoka mjini kwenda Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, ili wapigwe mbele ya nyumba za mawe na milango ya kuchonga, au pale Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Ukiwarudishia sura iliyozungukwa na ukungu wa rangi ya krimu, mama mzazi atakuuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, Boma lenyewe liko wapi?" Naye ana haki.

Lenzi zenye tundu kubwa hazikubuniwa kwa ajili ya ukungu. Joseph Petzval alipotengeneza lenzi yake maarufu ya picha za watu huko Vienna mwaka 1840, ikiwa na tundu la karibu f/3.6, tatizo lilikuwa mwanga. Vibao vya wakati ule vilikuwa vizito kupokea mwanga, na mtu alilazimika kukaa kimya muda mrefu bila kutikisika. Tundu kubwa lilimpunguzia adhabu.

Dhana: Lenzi inayokuja na kamera ni ya kutupa

Nje, saa kumi na moja jioni, 18-55 ikiwa kwenye 55 inapiga sura safi kabisa. Udhaifu wake unaonekana ukumbini usiku. Kwenye 55 inafungua mpaka f/5.6 tu, na f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Bila flashi utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka picha ijae chenga. Hiyo ndiyo sababu halali ya kununua lenzi nyingine.

Dhana: Lenzi ya bei ndiyo inayotoa ngozi nyeusi vizuri

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hujaribu kuivuta kila picha kwenye kijivu cha katikati. Bwana harusi mwenye ngozi nyeusi akiwa amevaa kanzu nyeupe mbele ya bahari inayometa, kamera inaona weupe umezidi na inapunguza mwanga, sura inazama. Dawa yake ni kupima mwanga usoni au kuongeza kidogo kwa kitufe cha kuongeza na kupunguza, na kitufe hicho kipo hata kwenye kamera ya bei ya chini.

Jua letu nalo lina mambo yake. Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linapita utosini kabisa kwenye wiki ya tatu ya Oktoba, na tena Februari. Mwezi uleule wa korosho! Macho yanakuwa mashimo meusi, na hakuna lenzi duniani inayoingiza mwanga chini ya nyusi. Mpeleke mtu chini ya mkorosho, ila asiingie mpaka shinani, kwa sababu huko ndani majani yanampaka ukijani usoni. Asimame ukingoni mwa kivuli, uso ukitazama nje kwenye uwazi.

Dhana: Simu yenye hali ya "picha ya sura" imeua lenzi

Ukungu wa simu ni programu inayokisia wapi mtu anaishia. Kwa kofia na mashati inakisia vizuri. Kwa nywele zilizotimuliwa na upepo wa baharini, au ushungi mwepesi wenye nakshi, bado hukata vipande visivyotakiwa.

Dhana: Lenzi ya mtumba ikiingia kwenye kamera, inafanya kazi

Kwa Nikon, kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi, ile inayozungusha lenzi hadi picha iwe kali, ndani ya bodi. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D zitaingia, zitapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake ndani. Kwa Canon, herufi zinataja aina ya mdomo wa kufungia lenzi: lenzi za EF huingia kwenye kamera ndogo na fulufremu za EF, ila EF-S ni za sensa ndogo pekee. Kamera mpya za RF zinahitaji adapta kwa aina zote mbili.

Kisha kuvu, ugonjwa wa pwani. Lenzi iliyokaa kabatini ndani ya mkoba wa ngozi, Lindi au Shangani ya Mtwara, huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye vioo vya ndani. Mchana huzioni. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiinamisha lenzi taratibu. Vumbi ni vidoti na halina madhara makubwa. Nyuzi zenye matawi ziache hapohapo, kwa sababu hata fundi akizisafisha, zinaweza kuwa zimeshakula rangi ya kinga ya kioo. Ukinunua iliyo safi, itunze kwenye ndoo au kontena lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika jeli, na uvibadilishe vikishalowa. Na muuzaji akikukatalia kuifungia kwenye bodi yako ili ujaribu fokasi mbele yake, mrudishie.