Nondo-chuimilia weupe: anza na miguu, si mabawa

Mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada, taa ya barazani huvuta nondo weupe wa kundi la chuimilia (kwa Kiingereza tiger moths) wanaofanana mno usiku wa kiangazi. Wengi wanaokosea kuwatambua huanza kwa kuhesabu madoa meusi ya mabawani. Madoa hayo hayaaminiki: spishi mojawapo, Hyphantria cunea, wa kaskazini mara nyingi ni mweupe tupu, ilhali wa kusini huwa na madoa tele. Tazama mapaja ya miguu ya mbele, kisha tumbo.

Mfunike nondo kwa kikopo angavu, umweke kwenye friji (si friza) dakika 10 hadi 15. Akitolewa huchangamka upesi, kwa hiyo kamera iwe tayari. Piga picha ya mgongo, ya uso kwa usawa wa miguu, na ya ubavu wa tumbo. Akitulia, mabawa hulifunika tumbo kama paa. Yanyanyue kwa brashi laini, maana vidole hupukutisha magamba. Flashi kali hufuta madoa madogo. Balbu ya manjano ni mbaya zaidi, kwani huigeuza rangi ya waridi ionekane ya machungwa, na hapo spishi hupewa jina lisilo lake.

Tumbo lenye mstari wa manjano kila ubavu na safu ya madoa meusi katikati ya mgongo ni la Spilosoma virginica. Likiwa la rangi ya machungwa karibu lote kwa juu, lina madoa meusi, na nondo mwenyewe ni mkubwa, huyo ni Estigmene acrea. Dume wake ana mabawa ya nyuma ya rangi hiyohiyo, jike ana meupe.

Tumbo jeupe na mapaja ya waridi: Spilosoma latipennis. Tumbo likiwa jeupe na mapaja ya manjano au machungwa, umebaki na wawili wasumbufu, Spilosoma congrua na Hyphantria cunea. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 ukague mguu wa nyuma, kipande kinachofuata paja. Spilosoma ana jozi mbili za miiba. Hyphantria ana moja tu, karibu na wayo. Viwavi nao husaidia: wa Hyphantria hukaa kwa makundi ndani ya utando kwenye ncha za matawi.

Tahadhari moja, hasa katika jimbo la Maine, Marekani: nondo mweupe mwenye shungi la kahawia mwishoni mwa tumbo ni Euproctis chrysorrhoea. Si chuimilia, na nywele za viwavi wake, zinazoweza kumganda, huwasha ngozi vibaya. Usimshike.

Vitabu vya zamani huwaweka chuimilia katika familia yao, Arctiidae. Uchunguzi wa DNA umewashusha kuwa familia ndogo, Arctiinae, ndani ya Erebidae. Lebo ya makumbusho yenye jina la kale haimaanishi mdudu mwingine. Na kama una picha ya mgongo pekee ya nondo mweupe asiye na madoa, andika “Spilosoma au Hyphantria” uishie hapo.