Je, wajua kwa nini kijana hapati usingizi mapema hata akichoka?

Shule zinafunguliwa Januari, na tangu Novemba kijana wa miaka 15 mjini Lamu amekuwa akilala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi. Zikibaki siku mbili, mzazi anatoa amri: leo taa zizimwe saa 3. Kijana anatii, analala chali na kuzikodolea macho boriti hadi saa 7. Nyumba nzima inaamua ni ukaidi, kumbe amri yenyewe ilianzia mahali pasipofaa.

Ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, mna kundi dogo la seli linaloendesha saa ya mwili. Kwa watu wengi saa hiyo huzunguka kwa zaidi kidogo ya masaa 24, kwa hiyo isiporekebishwa kila siku huchelewa yenyewe. Balehe huongeza mzigo: melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka saa moja hadi mawili baadaye kuliko utotoni. Tena yale masaa mawili matatu kabla ya muda uliozoeleka wa kulala ndiyo mwili huwa macho zaidi. Aliyezoea saa 8 usiku, ukimlaza saa 3, huo usingizi unautoa wapi?

Basi usianze na kulala. Anza na kuamka, na chombo chako kikuu kiwe mwanga.

Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa ya mwili, wa usiku huichelewesha. Mpaka kati ya hizo mbili uko takribani masaa mawili kabla ya muda ambao mwili umezoea kuamka wenyewe. Hapa ndipo wazazi wengi wenye bidii wanapoharibu. Kijana anayeamka saa 4, mpaka wake uko kama saa 2 asubuhi. Ukimtoa nje saa 12, mwili wake unauhesabu mwanga ule kuwa wa usiku, na saa inazidi kuchelewa. Ndiyo sababu ya kwenda hatua kwa hatua: dakika 30 mapema kila siku. Kutoka saa 4 hadi saa 12 ni siku 8. Weka na mbili za kuzoea, utahitaji siku 10. Muda wa kulala utafuata wenyewe, kwa kuchelewa siku moja au mbili. Usimlazimishe kwenda kitandani kabla macho hayajawa mazito.

Anayeamka kuswali alfajiri hajaharibu hesabu, kwa kuwa saa 11 bado ni giza. Aswali, taa iwe hafifu, simu isiguswe, kisha arudi kulala hadi saa ya siku hiyo.

Akiamka, atoke nje nusu saa. Hili la kutoka halina mbadala. Chumbani chenye taa hupati zaidi ya laksi mia kadhaa (laksi ni kipimo cha mwangaza). Nje, hata kwenye kivuli, ni maelfu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kukwepa jua, na chumba cha ndani kabisa kinaweza kuwa giza saa 3 asubuhi. Ni kizuri kwa kulalia, kibaya kwa kunywea chai ya asubuhi. Chai inywewe kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, au bora zaidi kijana ashuke hadi ukingoni mwa bahari. Mji unatazama kisiwa cha Manda, mashariki, na mwanzoni mwa Januari jua huchomoza upande huo karibu saa 12 na robo. Kutumwa mkate kunatosha, mradi asipite vichochoroni tu.

Jioni ni kinyume chake. Kuanzia saa 2 usiku acha taa moja ya manjano. Simu hulaumiwa kwa mwanga wake, lakini mwanga huo ni mdogo ukilinganisha na taa nyeupe ya dari; kinachokesha watu zaidi ni video inayofuata na ujumbe unaosubiri jibu. Ichajiwe sebuleni, pamoja na za wazazi, la sivyo hakuna atakayekubali.

Kafeini huchukua kama masaa 5 kupungua nusu. Kahawa chungu ya saa 12 jioni barazani, nusu yake bado imo mwilini saa 5 usiku. Baada ya saa 8 mchana iachwe, pamoja na chai ya rangi kali. Muguka na miraa ni vichangamshi, havina nafasi hapa hata kidogo.

Joto la kaskazi nalo linahesabika, maana mwili hauzami usingizini mpaka upoe kidogo. Kuta za mawe hutoa usiku joto zilizolihifadhi mchana, kwa hiyo ghorofa ya juu yenye upepo, feni na chandarua vinafaa. Kuoga maji vuguvugu saa moja kabla ya kulala huleta damu kwenye ngozi na kulitoa joto.

Usingizi wa adhuhuri usizidi dakika 20, na uishe kabla ya saa 9. Wikendi asichelewe kuamka zaidi ya saa moja kupita muda wake. Mwenye chuo (madrasa) Jumamosi asubuhi ana bahati.

Wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 masaa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Wa kuamka saa 12 awe amelala saa 4 usiku, na wa saa 11 alfajiri awe amelala saa 3.

Zikiwa zimebaki siku tatu tu, sogeza saa moja kila siku, fuata mengine yote, na mwalimu asishangae akimwona anapiga miayo wiki ya kwanza.